Rangi Nyeusi Chini ya Mlango

Nilipofika Birmingham nilikuta mume wangu amenunua gari la viti viwili. Sisi tulikuwa watatu.

Naanza hapo kwa sababu kila nikijaribu kuanza kwingine hasira hunirudisha pale pale. Nilikuwa nimetoka Tanga na binti yetu wa miaka mitano, nimevaa koti la kuazima lenye mikono mirefu kuliko yangu, nimesubiri miaka kuitwa. Mume wangu akatupokea kwenye kituo cha treni amechana nywele vizuri, akabeba sanduku, akatuongoza hadi barabara ya nyuma. Gari lilikuwa limeegeshwa hapo: jekundu, fupi, limelala chini kama paka anayevizia panya, na badala ya paa lilikuwa na turubai. Nikamuuliza mtoto atakaa wapi. Akasema mapajani mwangu, tena atafurahi kuona njia. Alicheka peke yake.

Sanduku lilifungwa kwa kamba juu ya buti. Baridi ya mwezi wa kumi iliingia kila mahali turubai lilipopungua, na turubai lile lilipungua kila mahali. Mtoto kweli alifurahi. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na ardhi kiasi kwamba basi likipita nilikuwa natazamana na magurudumu yake. Tukafika mtaa wetu wa Handsworth hivyo, nimekasirika, masikio yamekufa ganzi, na yeye ananionyesha maduka kama aliyajenga yeye.

Mume wangu hakuwa mtu wa kutulia. Hata Tanga alikuwa ameonja kazi kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi: katani, reli, duka la baiskeli la baba yake, kisha hilo nalo likamchosha. Akikaa kitako mguu wake wa kulia ulikuwa unatikisika mpaka vikombe vinalia mezani. Mama yangu alikuwa akisema mguu ule una safari yake mwenyewe. Alikwenda Uingereza kwa mwaka mmoja, halafu mwaka ukazaa mwingine, na alipotulia kidogo, kama kule kulikuwa kutulia, alitulia kwenye karakana moja ya Aston iliyokuwa ikipaka rangi magari madogo ya starehe, ya wazi, ya vijana wenye haraka.

Kazi yake ilikuwa ya mwisho kabisa. Gari likishapata wekundu wake au ukijani wake au umanjano wake, likishakauka, lilimjia yeye na mwenzake. Walilifunika kwa karatasi na utepe, wakaacha wazi sehemu moja tu, ule ubavu wa chini ya mlango, pale ambapo kama ni nyumba ungesema kizingiti. Hapo alipuliza rangi nyeusi isiyong'aa. Upande mmoja, upande wa pili, gari lingine. Siku nzima alikuwa chini, magoti sakafuni, shingo imepinda. Nilimwambia kwamba anapiga magoti kazini kuliko msikitini, na ilikuwa kweli.

Gari alilonunua lilikuwa mojawapo ya hayo hayo, la mitumba, limeshatumiwa na watu wawili kabla yake. Aliapa kwamba weusi wake aliupaka yeye mwenyewe miaka ya nyuma, kwamba anautambua mkono wake. Yalipita pale magari yasiyo na idadi, ya kila rangi, yote meusi chini, na yeye anatambua mkono wake! Lakini mtu aliyekwishapenda usimwambie kitu.

Wiki ile ya kwanza nilimuuliza kwa nini hawakumalizia. Nilidhani rangi nyekundu iliwaishia. Alinitazama kwa furaha, kwa sababu tangu afike Uingereza hakuna aliyewahi kumuuliza swali la kazi yake, akavuta kiti, mguu ukaanza kutikisika.

Alinieleza kwamba umbo la gari lile lilikuwa limezeeka. Mashine za kukandamiza bati hadi liwe boneti na milango ni ghali mno, na mwenye kiwanda akishazinunua hazibadilishi mpaka zimrudishie jasho lake. Lakini wanunuzi, na wengi walikuwa Wamarekani, walitaka kila baada ya muda waone kitu kipya. Basi wachora maumbo walisimama mbele ya gari lile lile la zamani wakajiuliza kinachoweza kubadilishwa kwa rangi na skrubu tu. Wakatia weusi kwenye vyuma vya mdomoni. Wakabadilisha vifuniko vya magurudumu. Mwaka mmoja waliuzungushia weusi hata ukingo wa kioo cha mbele, wanunuzi wakanung'unika, ukarudishwa kama ulivyokuwa. Alinisimulia habari hiyo kama watu wanavyosimulia mfalme aliyepinduliwa. Na huku chini wakatia weusi ukakubalika. Kwa nini? Kwa sababu jicho halihesabu cheusi. Linaona wekundu unaishia juu, linaamini gari ni jembamba, linaamini liko hewani kidogo na linakimbia hata likiwa limesimama.

"Jicho ni jinga, bibie," alisema. "Ukilificha tumbo, linasadiki huna."

Nikamwambia hilo tunalijua siku nyingi, ndiyo kazi ya buibui. Alipenda sana. Akaenda kulisema kiwandani, na nina hakika hakuna aliyeelewa.

Lakini mimi nilikuwa na jibu langu, na nililiona bora kuliko la wachora maumbo. Kwetu nyumba haijaisha mpaka ipakwe rangi ya giza chini, kiasi cha goti. Juu chokaa nyeupe, chini kahawia au nyeusi. Mvua ikinyesha tope hurukia ukutani, na ukuta mweupe mpaka chini ni ukuta wa mtu asiyejua mvua. Gari nalo linarukiwa na tope. Kuna haja gani ya kuwaita Wamarekani? Akaniambia naye aliwaza hivyo hivyo alipoanza kazi, akamwambia foremani wake, na foremani akamjibu kwamba hajakosea sana. Magurudumu ya mbele hurusha kokoto. Wekundu ukimeguka lazima utafute wekundu ule ule, uulinganishe, uupigishe msasa, uung'arishe. Weusi usiong'aa ukimeguka, mtu yeyote mwenye kopo na dakika zake anaumaliza. Halafu maungio ya bati chini kule hayana haja ya kulainishwa sana, weusi unayameza. Na ule mkanda mwembamba wa nikeli unaopita kati ya rangi mbili, watu wanaouona kama kidani, kazi yake nyingine ni kufunika pale rangi zinapokutana, ili mbandika utepe asilazimike kuwa malaika.

Basi majibu yakawa mengi, na yote ya kweli. Nilimwambia kitu chenye sababu nyingi hivyo nina wasiwasi nacho. Nilisema kwa utani tu, nilikuwa nakuna nazi, tena nazi yenyewe kavu ya dukani Soho Road, yenye bei ya mbuzi.

Tulikuwa tunakaa chumba kimoja, juu, kwenye nyumba ya Kalasinga mmoja mzee aliyekuwa fundi seremala Nakuru. Aliishi chini peke yake. Nilipomsikia mara ya kwanza akiuliza kutoka jikoni, "Mama, wewe nataka maji moto?" nilikaribia kulia, si kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa kizuri, kilikuwa kibaya mno, bali kwa sababu kilikuwa Kiswahili. Jiko tulishirikiana. Alinifundisha kuwasha tanuri la gesi bila kuunguza nyusi, mimi nikamrudishia mbaazi za nazi alizosema hajazila tangu apande meli Mombasa.

Chumba chenyewe kilikuwa kibovu. Ukuta wa nyuma ya kitanda ulitoka jasho. Nguo za mtoto nilizikausha mbele ya moto asubuhi, jioni zikawa mbichi tena. Binti yangu akaanza kikohozi mwezi wa kumi na moja kikamkalia kifuani, na kila nikimpeleka kwa daktari naambiwa chumba kikavu, mama, mtafutie chumba kikavu, kana kwamba ninacho nimekificha.

Halafu makaa ya mawe ya kuzalishia umeme yakapungua, serikali ikaamuru viwanda vipewe umeme siku tatu tu kwa wiki. Watu waliofanya kazi na mashine walikaa nyumbani siku zinazobaki. Wengine walilala. Mume wangu alitembea. Alitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, akageuka, akarudi. Nikimfukuza alikwenda Soho Road mpaka mwisho wake akarudi pua imekuwa baridi, hana alichonunua, hana alichoona. Akaanza kuzungumza habari za Kanada. Akaanza kuzungumza habari za kurudi Tanga. Siku moja alizungumza habari za Kanada asubuhi na Tanga mchana, na jioni nikamwambia achague bara moja nipate kupika. Mimi mwenyewe sikuwa mtulivu, nisimsingizie yeye peke yake. Nililala nikisikia kikohozi, nikaamka nikisikia miguu. Nilikuwa sijaamua hata kama nimefika au ninapita.

Ndipo mwenye nyumba alipotuita jikoni akatukalisha. Mwanawe wa Leicester alikuwa anamtaka, alikuwa mzee, ngazi zilikuwa zinamuumiza. Angeuza nyumba.

"Mimi nataka wewe kwanza," alisema, akimtazama mume wangu, kisha akanitazama mimi. "Watu ya nyumbani. Lakini mwezi ya nne mimi iko kwenda. Wewe leta deposit, pesa ya kwanza, nyumba yako. Hapana leta, mimi nauza mtu ingine. Hapana kasirika."

Tulirudi juu tukahesabu. Tulichokuwa tumeweka, pamoja na bei ya gari, kingetosha. Bila gari hakikutosha, tena kwa mbali. Nilitarajia tugombane juu ya kuliuza, nilishajipanga. Yeye akaniwahi. Alisema liuzwe, akasimama dirishani akilitazama chini barabarani, na mguu wake ukatikisika hata akiwa wima.

Ni lazima niseme jinsi nilivyoitaka nyumba ile, la sivyo yaliyofuata hayaeleweki. Nilikuwa mtu asiyetaka Uingereza. Na ghafla nikawa mtu anayeshuka chini mwenye nyumba akiwa dukani, anasimama kwenye chumba cha nyuma, kile chenye dirisha la kusini na ukuta mkavu, anaweka kiganja ukutani na kukiacha hapo. Binti yangu angelala pale. Nilikwishamwekea kitanda akilini. Mbele nyumba ilikuwa ya matofali mekundu matupu kama nyumba zote za mtaa ule, na kwetu tofali tupu ni nyumba ya mtu aliyeishiwa. Mimi ningeipiga chokaa nyeupe na chini giza, kiasi cha goti, Waingereza wapite washangae. Nilikuwa nimetulia kwa mara ya kwanza, ndani ya nyumba ambayo haikuwa yangu bado.

Mume wangu alianza kuliandaa gari siku ya mapumziko yake ya lazima. Aliliosha, akalipaka nta, akapiga magoti kama kazini aangalie weusi. Ulikuwa umefura mahali pawili, chini ya mlango wa upande wa abiria. Akagusa na bisibisi. Bisibisi ikazama kama inazama kwenye muhogo uliochemka.

Nchi ile hutia chumvi barabarani wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Inatia chumvi barabarani na kuisahau kwenye chakula. Chumvi ile na maji vilikuwa vimeingia ndani ya kizingiti cha gari majira yote hayo na kukila kutoka ndani, na weusi wa nje ukabaki umekaa juu ya kutu kama hakuna kilichotokea. Laiti ule ubavu ungekuwa mwekundu unaong'aa, ungeonyesha kidonda mapema. Hiyo sababu hakuna aliyenitajia, na nadhani hakuna aliyeikusudia. Mume wangu alikaa kwenye ukingo wa barabara, bisibisi mkononi.

Kisha akafanya alichojua kufanya. Akakwangua kutu iliyokubali kukwanguliwa. Shimo lilikuwa kubwa kuliko mkono, akalijaza magazeti yaliyokunjwa na wavu wa banda la kuku, akapaka juu pati ya kuzibia, akapiga msasa, akabandika utepe na karatasi, akapuliza weusi. Mimi nilishika karatasi upepo usiipeperushe. Alipobandua utepe, wallahi, lilikuwa zuri kuliko jipya. Nilimuuliza, je, mnunuzi? Akasema atamwita mtu wa gereji, wale hawadanganyiki, wanagonga wenyewe na kukadiria wenyewe. Nikaridhika, maana nilikuwa na haja ya kuridhika.

Mtu wa gereji hakuja. Kadi yetu ya tangazo ilikaa kwenye dirisha la duka la magazeti, na aliyekuja, Jumamosi moja yenye jua, alikuwa kijana wa Kiingereza, mwalimu wa shule, pamoja na mkewe.

Kijana yule alipenda gari kabla hajalifikia. Nilimwona kutoka mlangoni. Alipunguza mwendo kama mtu anayekaribia ndege asije akaruka. Alilizunguka. Akauliza bei, akaikubali bila kupunguza hata senti, nami nikashika mkono wa binti yangu nikaubana mpaka akalalamika. Mwenye nyumba alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono kifuani, kilemba chake kipya cha Jumamosi.

Halafu kijana akachuchumaa, akapitisha vidole juu ya weusi ule, akauliza. Alisema ametamani siku zote kujua. Kwa nini wanapaka nyeusi hapa chini?

Mume wangu akachangamka kama taa. Kiingereza chake kilikuwa cha mbio, maneno yakikanyagana, lakini kijana alimsikiliza kwa moyo wote. Akamweleza juu ya mashine ghali na umbo lililozeeka, juu ya Wamarekani, juu ya jicho lisilohesabu cheusi. Akamweleza kokoto, maungio, na mkanda wa nikeli. Akamweleza mpaka nyumba za Tanga, mvua na tope, akionyesha urefu wa goti kwa kiganja. Nilijivuna naye. Nilikuwa sijawahi kumwona Mwingereza amemsimamia mume wangu mdomo wazi hivyo, na nikasema moyoni, huyu ananunua, nyumba ni yetu.

Wakati huo mke wa kijana alikuwa amefungua mlango wa abiria akaingia ajaribu kiti. Alikuwa na koti pana. Alipokaa akalifungua, akaweka mkono juu ya tumbo, wakati huo ndipo sote tulipoona.

Mume wangu akanyamaza katikati ya sentensi. Nikaangalia mguu wake. Ulikuwa umesimama.

"Bibie," aliniambia kwa Kiswahili, bila kugeuka, "huyu ana mimba."

"Naona."

"Gari hili halina paa. Kinacholishika lisivunjike kiuno ni hapo chini tu. Hapo nilipojaza magazeti."

"Nyumba," nilisema. Neno moja tu. Nilijua analijua lote lililobaki.

Akanitazama, na kwa kitambo kile cha kupepesa jicho nilidhani nimeshinda. Kisha akamgeukia kijana akamwambia kwa Kiingereza kwamba kuna sababu moja zaidi ya weusi wa gari hili hasa, na sababu hiyo ni yeye. Akapiga magoti. Akagonga kwa kifundo cha kidole karibu na gurudumu la mbele, bati likalia. Akagonga chini ya mlango, pakajibu kama ukuta wa udongo. Akasema, hapa ni gazeti.

Yule mwanamke alitoka ndani ya gari taratibu, akishikilia mlango. Kijana aliwiva uso hadi masikioni. Hakufoka. Alishukuru, ile shukrani ya Kiingereza inayofunga mlango kuliko kufuli, akamshika mkewe mkono wakaenda zao. Kwenye kona aligeuka akalitazama gari mara moja, si sisi.

Tuligombana siku ile mpaka mtoto akajificha chini ya meza. Sitarudia niliyoyasema, mengine siyo ya kuandikwa. Nilimuuliza kwa nini basi alilijaza, kama alikuwa na roho hiyo nyeupe. Akasema alipolijaza hakuwa anamwona mtu, alikuwa anaona shimo tu. Akaniambia baba yake hakuwahi kuuza baiskeli kuukuu bila kuipindua kichwa chini kwanza, amwonyeshe mnunuzi palipochomelewa, hata mnunuzi awe mtoto, hata awe kipofu. Kasoro kwanza, bei baadaye. Watu wote wa Barabara ya Nane, Tanga, walilijua hilo.

"Baba yako alikuwa na nyumba," nilimwambia.

Nilitaka neno hilo limchome, na lilipomchoma sikupata raha niliyoitegemea.

Mwenye nyumba alipanda ngazi zake zinazomuumiza kesho yake. Alisema mume wangu mtu mzuri sana. Kisha akasema mwezi wa nne uko pale pale, mwanawe amekwishapanga. Nadhani nilikuwa nimengoja, kama mjinga, aseme kitu kingine. Alisubiri hadi mwisho kabisa wa muda aliotoa, hilo nakiri, halafu akauza kwa familia kubwa iliyohitaji vyumba vyote, na siku ya kwenda Leicester alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Hapana kasirika, mama." Nilikuwa nimekasirika. Nilikasirika naye, na Uingereza, na chumvi, na wachora maumbo, na zaidi ya wote na mtu niliyelala naye kitanda kimoja.

Tulipata chumba Aston, juu ya duka, karibu na uwanja wa mpira. Kilikuwa na unyevu kama kile cha kwanza, ila kodi ilikuwa chini. Mtu mmoja wa msikitini aliahidi gari la mizigo hakutokea, kwa hiyo tulihama kwa lile la kwetu, safari baada ya safari. Safari ya mwisho ilikuwa Jumamosi mchana. Turubai tulikuwa tumeliondoa ili godoro lisimame wima nyuma ya viti. Masufuria yalijaa buti. Mbuzi ya kukunia nazi nilikuwa nimeikanyaga, mtoto mapajani, bonge la mablanketi juu ya mtoto, na mvua nyembamba ikaanza.

Tulikuwa hatujafika mbali gurudumu lilipoingia kwenye shimo la barabara, si shimo kubwa. Nikasikia chini yangu mlio mfupi, mkavu. Mume wangu alisikia pia. Alipunguza mwendo, akawa anaendesha kama mtu aliyebeba mayai, na magari nyuma yetu yakipiga honi. Nilihisi kiti changu kimeshuka kidogo. Nilisema ni godoro.

Tulipofika mbele ya duka nikavuta kitasa. Mlango haukufunguka. Nikausukuma kwa bega, haukusogea hata unywele. Wake pia uligoma. Gari lilikuwa limepinda katikati. Mbele na nyuma viliinuka, kiuno kikashuka, na milango yote miwili ikabanwa kama kidole kwenye dirisha. Watu walikuwa wanapita kwa mamia kwenda mpirani, skafu shingoni, wakaanza kucheka, na mmoja akauliza kama tunauza tiketi za onyesho. Mume wangu aliruka juu ya mlango wake. Akaja upande wangu akampokea mtoto, akamsimamisha chini ya kipenu cha duka. Kisha akachuchumaa. Weusi ulikuwa umepasuka kuanzia mbele hadi nyuma, na gazeti lililolowa lilikuwa linaning'inia nje. Alilivuta kidogo, akaliacha.

Nilibaki nimekaa mvuani na godoro mgongoni. Nilikuwa nimekaa mahali pale pale alipokaa yule mwanamke mwenye koti pana. Nikamwona akilini yuko njia kuu, kando yake mumewe kijana, mwenye furaha, mguu kwenye mafuta. Nikaogopa woga wa kweli kwa ajili ya mtu ambaye sikumjua jina. Na hasira yangu haikuondoka. Sitasema uongo kwamba iliondoka. Nyumba ile niliitaka, na binti yangu alikohoa majira mengine mawili ya baridi katika chumba kile cha Aston kabla hatujapata yetu, na kila kikohozi nilikihesabu juu ya kichwa cha baba yake.

Alisimama nje ya mlango uliokataa kufunguka, maji yakimtiririka usoni, watu wakipita nyuma yake.

"Umenisamehe?" aliuliza.

"Bado," nilimwambia. Kisha nikampa mkono anivushe.